« Mine » ya Kiingereza: ni yangu ao ni mgodi?

Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe, katika kijiji kimoja kando ya barabara inayotoka Likasi kwenda Kolwezi. Kampuni moja ilikuwa imekuja kuzungumza na wenye mashamba, juu mipaka ya kibali chake ilikuwa inafika mpaka kwenye mihogo yao. Shefu wa kijiji alikuwa pale pamoja na wazee wake. Wamama walikaa upande wao, watoto mgongoni. Sisi tulikuwa nyuma na kalamu yetu. Mgeni wa kampuni alisema Kiingereza tu, na kijana mmoja wa kijiji, aliyesoma Kiingereza miezi 6 mjini, ndiye aliyepewa kazi ya kutafsiri.

Mgeni alisema maneno machache, pole pole. Kijana akatugeukia, uso umebadilika.

— Anasema bulongo ni yake. Mihogo njo yenu.

Kelele ikapanda. Mzee mmoja akasimama na fimbo yake:

— Yake ya wapi? Babu yangu njo banamuzika pale! Aliuzishiwa na nani?

Kijana akajitetea:

— Papa, mi nimesikia muzuri. Amesema « maini ». « Maini » ni « yangu ».

Mama mmoja aliyekaa karibu yetu akauliza kwa sauti:

— Maini? Ya mbuzi ao ya ngombe?

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikukaa. Mgeni wa kampuni alikuwa anaangalia huku na huku. Hakuelewa kwa nini wanamkasirikia, na hakuelewa tena kwa nini wanacheka. Mwisho, mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa amekuja kwa ajili ya shamba la mama yake akamwomba aandike maneno yake kwenye karatasi. Akaandika: « This land is for the mine. The crops are yours. » Mwalimu akasoma, akatueleza: mgeni hakusema ardhi ni yake yeye. Alisema ardhi hii ni kwa ajili ya mgodi, na mazao ni yenu.

Mzee akaketi. Akawaza kidogo, kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu pale aliyeweza kulijibu haraka:

— Sawa. Sasa mugodi ni ya nani?

Toka siku ile tuliona vema kuandika juu ya neno hili dogo, « mine ». Wasomaji wetu wengi wanakutana nalo kila siku: kwenye vibao vya uzio, kwenye kofia za kazi, kwenye mafunzo ya usalama, kwenye karatasi za kutia sahihi. Wengi wanadhani ni neno moja. Ni maneno mawili yasiyo na udugu wowote, yaliyovaa nguo moja.

Kiingereza si mgeni wa jana

Kwanza tukumbuke kwamba Kiingereza kilikuwa hapa zamani. Reli ya kwanza iliyofika Elisabethville, mwaka 1910, ilitoka kusini, upande wa Waingereza, haikutoka Matadi. Robert Williams, mtu wa Scotland, alikuwa mmoja wa walioanzisha Union Minière mwaka 1906, na kampuni yake iliandika wafanyakazi wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, inchi tunayoita leo Zambia. Katika miaka ile ya kwanza wakubwa wengi wa kazi walitoa amri kwa Kiingereza. Kisha Wabelgiji wakakisukuma nyuma, wakaweka Kifaransa ofisini na Kiswahili kambini.

Siku hizi kimerudi kwa mlango mwingine. Kinapita Kasumbalesa pamoja na magari makubwa. Kinakuja na mafundi wa Afrika Kusini, Australia na Zambia. Hata mafundi wa China wanakitumia wakati mwingine kwa kuongea na wageni wengine. Kitabu cha mashine mpya kinakuja nacho. Kwa hiyo mtu anayetumika katika mgodi hawezi kusema: « Kiingereza hakinihusu. »

Mababu wawili

Neno la kwanza, « mine » ya « yangu », ni la Waingereza wenyewe tangu mwanzo. Lina ndugu zake katika lugha za jirani: Wajerumani wanasema « mein », Waholanzi na Waflama wa Ubelgiji wanasema « mijn ». Zamani Waingereza walisema « mine » hata mbele ya jina la kitu. Kisha, siku kwa siku, herufi ya n ikaanguka, likabaki « my ». Leo maneno hayo mawili yamegawana kazi, na tutaona namna gani.

Neno la pili, « mine » ya « mgodi », lilitoka Ufaransa. Mwaka 1066 watu wa Normandie walivuka bahari, wakaishinda Uingereza, na kwa miaka mingi wakubwa wa inchi ile waliongea Kifaransa. Maneno mengi yakaingia kwa njia hiyo, na « mine » ni moja lao. Wenye kuchunguza lugha wanafikiri Wafaransa nao walilipata kwa Wagaulois wa zamani, waliokuwa na neno la namna hiyo kwa jiwe lenye chuma ndani yake.

Basi, neno la mgodi ni ile « mine » yetu ya Kifaransa iliyovuka bahari, ikakaa kule, ikabadilisha sauti. Sisi tunasema « min ». Waingereza wanasema « maini ». Na kwa bahati mbaya « yangu » yao vilevile inatamkwa « maini ». Ndipo mama yetu wa chini ya mwembe akapata maini ya mbuzi.

Si Waingereza peke yao wenye shida hii. Kwa Kiflama « mijn » ni « yangu », na « mijn » ni mgodi vilevile. Kule Limburg, jimbo la Ubelgiji lililokuwa na migodi ya makaa ya mawe, mtu aliandika maneno yote mawili herufi kwa herufi sawasawa.

Namna ya kuyatenganisha

Mwalimu wa kijiji kile alitupa njia 4. Tumezijaribu, zinasaidia.

Njia ya kwanza: angalia kinachotangulia. Kama mbele ya « mine » kuna « the » ao « a », ni mgodi. « I work at the mine »: natumika mgodini. « The book is mine »: kitabu ni changu. Kwa Kiswahili tungebadilisha kila mara: shamba langu, kitabu changu, mgodi wangu, mawe yangu. Kweli, nyumbani tunafupisha, tunasema « yangu » kwa kila kitu, shamba yangu, kitabu yangu, na mwalimu wa Kiswahili anakasirika. Kiingereza kimefanya sawa na sisi: « mine » moja inatosha kwa vitu vyote.

Njia ya pili: angalia kinachofuata. Kama nyuma ya « mine » kuna jina lingine, ni mgodi. « Mine manager » ni mkubwa wa mgodi. « Mine captain » ni msimamizi wa kazi za chini. Hawezi kuwa « kapiteni wangu », juu kwa Kiingereza cha leo « yangu » inayotangulia jina ni « my », haiwi « mine » tena. Mwalimu alitueleza kwamba mwanafunzi wake mmoja alisoma kibao cha uzio: « MINE PROPERTY. KEEP OUT. » Akafungua kamusi, akapata: « mine » ni yangu, « property » ni mali, « keep out » ni usiingie. Akaja darasani na swali: « Mwalimu, kama ni mali yangu, juu ya nini nisiingie? » Kibao kilikuwa kinasema: mali ya mgodi, usiingie. Mwalimu alicheka, lakini alisema swali lile halikuwa la ujinga.

Njia ya tatu: wingi. « Mines » ni migodi. « Yangu » ya Kiingereza haina wingi: kiatu kimoja ni « mine », viatu viwili ni « mine ».

Njia ya nne ndiyo ngumu, na ndiyo inayoweza kuleta maneno mbele ya hakimu. « A worker of the mine » ni mfanyakazi wa mgodi. « A worker of mine » ni mfanyakazi wangu mmoja, yaani mtu niliyemwajiri mimi. Fikiri mtu ameumia kazini, na msimamizi wa kampuni ndogo ya mkataba anaandika ripoti. Akiandika neno moja, mtu ni wake. Akiandika lingine, mtu ni wa mgodi. Nani atalipa hospitali? Kinachotenganisha ni « the » peke yake.

Hapa ndipo kijana wetu alipoanguka. Kiswahili hakina « the ». Kifaransa kina « le » na « la », lakini katika kusikia Kiingereza cha haraka, « the » inapita kama mbu. Masikio yetu hayakufundishwa kuikamata. Kijana alisikia « land », akasikia « maini », akaunganisha. Yale maneno mawili madogo ya katikati, « for the », yalianguka njiani, na pamoja nayo maana yote.

« Mine » inayoua

Kuna « mine » nyingine ambayo sote tunaijua kwa jina la Kifaransa, na wenzetu wa mashariki ya inchi wanaijua kwa machozi: bomu la kutegwa ardhini. Ni neno lilelile la mgodi, na historia yake inawahusu wachimbaji.

Zamani, jeshi likitaka kuvunja ukuta wa ngome, liliita wachimbaji. Walichimba njia chini ya ukuta, wakaweka nguzo za miti ili udongo usianguke, sawa vile tunavyofanya leo. Kazi ikiisha, walijaza kuni na mafuta, wakawasha moto, wakatoka. Nguzo zikiungua, ukuta ulianguka wenyewe. Mwaka 1215 mfalme John wa Uingereza aliizingira ngome ya Rochester, akaagiza nguruwe 40 wenye mafuta mengi kwa ajili ya moto ule. Pembe moja ya ngome ikaanguka. Njia ile ya chini iliitwa « mine ». Baruti ilipokuja, wakaweka baruti badala ya kuni, na jina likabaki. Katika vita vya kwanza vya dunia, tarehe 7 Juni 1917, jeshi la Uingereza lililipua « mine » 19 chini ya Wajerumani kule Messines, Ubelgiji. Wengi waliozichimba walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe waliotolewa katika migodi ya kwao. Mwisho, bomu dogo linalozikwa peke yake, bila njia ya chini, likarithi jina lile.

Toka hapo Waingereza wana tendo « undermine »: kumchimba mtu chini chini, kumwondolea nguvu bila yeye kuona. Sisi tunasema kumchimbia mtu shimo. Mchimbaji wa kila inchi anajua kwamba kilicho chini ndicho kinachoshika kilicho juu.

Kwa hiyo angalisho moja. Kibao chekundu chenye kichwa cha mfu na maneno « Danger Mines » hakisemi mgodi, wala hakisemi yangu. Usisogee, usiguse, rudi kwa njia uliyokuja nayo. Inchi nyingi zilitia sahihi mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997 wa kukataza mabomu hayo, na Congo iliingia mwaka 2002. Lakini bomu lililozikwa halisomi mikataba.

Maana nyingine ni za amani. « A gold mine » ni mgodi wa dhahabu, lakini vilevile ni biashara inayoingiza feza nyingi. Duka la beignets mbele ya shule linaweza kuitwa hivyo. « A mine of information » ni mtu mwenye kujua mambo mengi, na Kifaransa kinasema hivyohivyo. Lakini ile « mine » ya Kifaransa ya uso, tunaposema mtu ana « bonne mine », Waingereza hawana. Hiyo ni neno lingine tena, lililotoka kwa watu wa Bretagne. Usimwambie Mwingereza kwamba ana « good mine ». Atafikiri unataka kumnunulia kariyeri.

Mchimbaji na mtoto

Kifaransa nacho kina mtego wake, na huu unatuhusu zaidi. « Mineur » ni mchimbaji. « Mineur » ni pia mtoto ambaye hajatimiza miaka 18. Haya nayo ni maneno mawili yasiyo na udugu: la kwanza linatoka kwa mgodi, la pili linatoka katika Kilatini, maana yake « mdogo zaidi ». Waingereza wanayatamka sawa, lakini wanayaandika mbalimbali: « miner » ni mchimbaji, « minor » ni mtoto. Herufi moja tu.

Tumeona karatasi ambamo mtu aliyetafsiri kutoka Kifaransa aliandika « minors » mahali pa « miners ». Kampuni ya ng’ambo inayonunua kobalti ikisoma hivyo, inaelewa kwamba waliochimba mawe ni watoto, na inaweza kukataa kununua. Watu wazima wa kooperative nzima wanabaki bila sokoni juu ya herufi moja. Kinyume chake pia kipo: mtoto anaweza kufichwa nyuma ya neno « mineur », na msomaji wa mbali anafikiri ni mtu mzima.

Sheria haina fumbo hapa. Kodi ya madini inasema kadi ya mchimbaji wa mkono inatolewa kwa mtu mzima tu, mwenye uraia wa Congo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inakataza kazi mbaya kama ile ya kushuka katika mashimo. Mtoto anayeosha mawe mtoni pamoja na mama yake, naye bado ni « minor », hata kama hajashuka shimoni. Wazazi, tunajua namna gani njaa inavyosukuma, na tunajua bei ya shule. Lakini shimo halijui kusoma umri wa mtu.

« Mugodi ni ya nani? »

Turudi kwa swali la mzee. Kwa Kiingereza mtu anaweza kusema « The mine is mine », mgodi ni wangu, na masikio yanacheka. Lakini nani ana haki ya kusema hivyo?

Waingereza wenyewe walijaribu kulijibu. Tarehe 1 Januari 1947 Serikali yao ilichukua migodi yote mikubwa ya makaa ya mawe kutoka mikononi mwa matajiri. Siku ile walitundika kibao mbele ya kila mgodi kikisema kwamba sasa unaongozwa na Halmashauri ya Taifa ya Makaa ya Mawe kwa jina la wananchi. Wachimbaji waliimba na kulia kwa furaha. Wengi walisema: sasa ni yetu. Lakini kibao hakikusema « yenu ». Kilisema « kwa jina lenu ». Toka Machi 1984 wachimbaji wale waligoma mwaka mzima kwa kukataa kufungwa kwa migodi, wakashindwa. Mwaka 1994 migodi iliyobaki iliuzwa. Mgodi wa mwisho wa makaa wa chini sana, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015.

Sisi tulipita njia inayofanana. Mwaka 1966 sheria ya Bakajika ilirudisha ardhi na madini kwa Serikali. Januari 1967, miaka 20 kamili baada ya Waingereza, Union Minière ilichukuliwa, na kampuni ya Leta iliyozaliwa hapo ndiyo tuliyokuja kuiita Gécamines. Wazee wetu wa kambi wanakumbuka posho, hospitali na shule. Wanakumbuka pia siku mishahara ilipoanza kuchelewa. « Yetu » ni neno tamu, lakini linataka kuangaliwa.

Leo sheria inasemaje? Katiba ya mwaka 2006 inasema Serikali ina mamlaka juu ya udongo na vilivyo chini yake. Kodi ya madini ya mwaka 2002, iliyobadilishwa Machi 2018, inagawa mambo hivi. Madini yaliyolala chini ni ya Leta. Kampuni haipati « mgodi wake » milele: inapata kibali cha kuchimba, miaka 25, ambacho kinaweza kuongezwa. Mawe iliyotoa na kusafisha kwa haki ya kibali chake, hayo ni yake kuuza. Na mwenye shamba? Ardhi nayo ni ya Leta tangu sheria ya mwaka 1973, lakini mtu anayezuiwa kutumia shamba lake ana haki ya kulipwa fidia ya haki, na haki ile haifutwi na kibali cha madini.

Kisha kuna kodi inayotozwa juu ya madini yanayouzwa, « redevance ». Kwa kila franka 100, 50 zinaenda kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa shefri, sekta ao komini ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hiyo, kampuni inapaswa kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyoguswa na kazi yake. Basi mzee yule hawezi kusema « The mine is mine ». Mgeni wa kampuni naye hawezi. Lakini akionyesha kwa kidole zile franka 15, mzee anaweza kusema kwa Kiingereza safi: « This part is ours », sehemu hii ni yetu. Na anaweza kuuliza zilienda wapi.

Kabla ya kutia sahihi

Tunawaomba wasomaji wetu mambo machache. Neno « mine » likitajwa mkutanoni, omba liandikwe. Sikio linadanganya, karatasi inadanganya kidogo zaidi ya hapo lakini unaweza kuirudilia. Uliza waziwazi: mgodi ao yangu? Karatasi ya Kiingereza peke yake usiitie sahihi wala kidole: omba ya Kifaransa, na omba isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wote, si kwa shefu peke yake ndani ya nyumba. Na kazi ya kutafsiri isitupwe kwa mtoto yeyote aliyesoma miezi 6, halafu tukamtukana akianguka.

Kijana wetu hakutukanwa sana, lakini alipata jina. Kijiji kizima kinamwita Maini. Tulirudi kule kwa mkutano wa pili. Safari hii kulikuwa na mtafsiri aliyelipwa, na karatasi za Kifaransa mezani. Mgeni wa kampuni akaanza kusema, akalitaja neno lile katikati ya sentensi ndefu. Maini akainua mkono kutoka nyuma:

— Sorry, sir. « Mine », or « the mine »?

Mgeni akatabasamu, akarudilia pole pole. Mzee mwenye fimbo akageuka, akamwangalia kijana, akawaambia wenzake:

— Mumuache huyu aulize. Sasa anasikia.